FEDHA ZA SERIKALI KWA WENYE KUTUMIA AKILI MNEMBA: NANI HUPEWA, NA NANI HUNYIMWA?

Katika mikutano ya matawi iliyofanyika baada ya msimu uliopita, wanachama wametuuliza mara nyingi swali moja, na kwa kuwa majibu tuliyoyatoa yalikuwa ya mdomo na ya haraka, tumeona yafaa tuyaandike hapa kwa urefu. Swali lenyewe ni hili: Je, ni kweli kwamba katika nchi nyingine Serikali huwapa wafanya biashara fedha ili wanunue akili mnemba? Na kama ni kweli, ni nani apewaye, na ni nani anyimwaye?

Swali hili halikuzuka bure. Tangu mwaka jana wamekuwa wakipita mawakala katika mashamba na katika afisi za matawi, wamevaa vizuri na wana maneno mazuri, wakiwaonyesha watu katika simu zao mashine ambayo, kwa kusema kwao, huitazama karafuu kwa kamera ikaijua daraja yake kabla mtu hajaitia mkononi. Mmoja wao ametuachia karatasi ya bei. Chini ya karatasi hiyo imeandikwa kwamba mwenye kulipa arubuni mapema atatangulizwa mbele "ruzuku ya Serikali itakapotoka." Ruzuku ipi, ya Serikali ipi, na itatoka lini, karatasi haikusema. Halmashauri imeamua jambo hili liletwe mbele ya Mkutano Mkuu, kwa maana fedha zinazotakiwa ni za akiba ya Chama, na akiba hiyo imekatwa kidogo kidogo katika mauzo ya kila mwanachama, mwenye mikarafuu kumi na mwenye mikarafuu elfu.

Tena hatuna budi kukumbusha jambo moja, ingawa si la kujivunia. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe tulilipa arubuni kwa muuzaji mmoja wa vipimo vya unyevu. Tuliagiza vipimo kumi na viwili, vikaja vitano, na katika hivyo vitano viwili vilikuwa vya kupimia nafaka tu, karafuu havikuijua hata kidogo. Arubuni haikurudi mpaka leo. Makosa yalikuwa yetu pia, kwa kuwa hatukuandikiana mkataba wa maana. Basi msomaji akituona tumelikazania sana neno arubuni katika makala haya, ajue sababu yake.

Kwanza tuseme maneno mawili juu ya akili mnemba yenyewe. Ndugu zetu wa Matemwe wasidhani kuwa inatoka katika kile kisiwa kilicho mbele yao. Wengine huiita akili bandia, na wengine akili unde. Ni programu ya kompyuta ambayo haikuandikiwa kila hatua ya kufanya, bali imeonyeshwa mifano mingi sana, mpaka imejifunza kufananisha. Ukiionyesha picha za karafuu nzuri na picha za mpeta kwa maelfu, huanza kuzitenganisha yenyewe. Ikionyeshwa barua nyingi, hujifunza kuandika barua. Haina macho wala busara. Ina mifano tu, na mifano ikiwa mibaya, hukumu yake nayo huwa mbaya. Hili tutalirudia hapo mbele.

Sasa tuje kwenye fedha. Nchi zitoazo ruzuku za namna hii si moja, walakini tumechagua kueleza khabari za Singapore. Mji huo si mgeni kwetu: wazee wetu wameusikia jina lake tangu zamani kila ilipotajwa bei ya karafuu, na shehena nyingi za karafuu zetu zimepita katika bandari yake kwenda kwingineko. Zaidi ya hayo, Serikali ya Singapore huandika masharti yake wazi, na ilipata kuibiwa katika mpango wa kwanza ikajifunza, na mafunzo ya mtu aliyeibiwa ni bora kuliko ahadi za mtu anayeuza.

Mpango unaotajwa sana unaitwa Productivity Solutions Grant, kwa kifupi PSG. Ulianza mwezi wa Aprili 2018, nao umekuwa chini ya idara iitwayo Enterprise Singapore, iliyoundwa mwezi huo huo kwa kuunganisha idara mbili za zamani. Makusudio yake ni kuwasaidia wafanya biashara wadogo na wa kati wapate vyombo vya kupunguza kazi ya mikono: programu za kuandika hesabu, za kujua mali iliyomo ghalani, za kupokea maagizo ya wanunuzi, na katika miaka hii ya karibu programu nyingi za namna hiyo zimetiwa akili mnemba ndani yake. Mwanzoni Serikali ililipa hadi 70 kwa mia ya gharama. Wakati wa maradhi ya korona ilipandisha ikawa hadi 80 kwa mia. Tangu Aprili 2023 ikateremka ikawa hadi 50 kwa mia.

Masharti yake, kama yalivyokuwa mwaka 2024, ni haya. Biashara iwe imeandikishwa Singapore na inafanya kazi huko huko. Chombo kinachonunuliwa au kukodiwa kitumike Singapore, si kupelekwa kwa ndugu nchi nyingine. Hisa za kampuni, si chini ya 30 kwa mia, ziwe mikononi mwa wenyeji, maana yake raia au wakaazi wa kudumu. Na ukubwa wake usipite mpaka: ama mauzo ya mwaka yasizidi dola za Singapore milioni 100, ama wafanyakazi wasizidi 200. Moja kati ya hayo mawili latosha.

Hapa kuna jambo dogo ambalo mtu aweza kulipita bila kuliona. Hesabu hiyo ya mauzo na wafanyakazi haichukuliwi kwa kampuni moja peke yake, bali kwa kundi zima, kampuni mama na watoto wake wote. Tajiri mwenye kampuni kumi hawezi kuleta ile ndogo kabisa mbele ya karani akasema, "Mimi ni maskini, tazama, nina watumishi wanane." Sisi tuliofanya kazi za vyama vya ushirika tunajua kwa nini sharti hili limetiwa. Kila palipo na msaada wa mdogo, mkubwa hujikunja apite mlango ule ule.

Kisha kuna orodha. Mwombaji haendi sokoni akachagua apendacho. Serikali imekwisha kuvitazama vyombo na wauzaji kabla, ikaviandika katika orodha, na mwombaji huchagua katika orodha hiyo, akaomba karatasi ya bei kwa muuzaji aliyemo humo, akapeleka ombi lake kwa njia ya kompyuta. Wapo waonao kwamba orodha humfunga mtu mikono, na ni kweli, chombo kizuri cha fundi mgeni chaweza kubaki nje. Lakini kwa mwenye duka asiyejua tofauti ya programu na programu, orodha humwondolea nusu ya khofu yake. Sisi tungependa zaidi orodha yenye makosa kidogo kuliko wakala mwenye maneno mengi.

Na sasa arubuni. Masharti ya PSG husema kwamba mwombaji asiwe amemlipa muuzaji fedha yo yote, wala kutia sahihi mkataba, kabla ya kuleta ombi lake. Fedha yo yote ni pamoja na arubuni. Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Mtu ana ghala la viungo na wafanyakazi ishirini na wanne, anataka programu ya kukisia mali ipi itakwisha na lini. Bei yake ni dola 18,000. Akileta ombi likakubaliwa, Serikali itamrudishia hadi dola 9,000. Lakini ikiwa wiki moja kabla ya kuomba alimpa muuzaji dola 200 za kushika nafasi, amejitoa mwenyewe. Dola 200 zimemkosesha 9,000.

Mtu huenda akauliza, ukali huu wa nini? Sababu yake si ngumu. Serikali haitaki kulipia jambo ambalo mtu alikwisha kuamua kulifanya kwa fedha zake, kwa maana hapo ruzuku haikuongeza kitu cho chote. Tena arubuni ikikwisha kulipwa, muuzaji amekwisha kumshika mnunuzi; hata karani akiona kwamba chombo hakifai, mnunuzi atamsihi kwa machozi akikubali, kwa kuwa fedha zake zimekwama. Basi mtu akuambiaye ulipe sasa ndipo ruzuku ije, anakuambia kinyume kabisa cha yale yaliyoandikwa Singapore. Hatusemi kwamba kila Serikali duniani ina sharti hilo hilo. Twasema kwamba karatasi tuliyoachiwa na wakala imelipindua sharti la mji ule ule ambao yeye mwenyewe ameutaja kuwa ndiko mashine yake inakotumika.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba fedha hizi huja nyuma. Mwombaji hupewa kwanza barua ya kukubaliwa. Kisha hununua kwa fedha zake mwenyewe, zote kamili, hutia chombo kazini, ndipo hupeleka ankara, risiti, na ushahidi kwamba chombo kinatumika kweli, na hapo ndipo hurudishiwa sehemu yake. Kwa hivyo yule mwenye ghala lazima awe na dola 18,000 mkononi, si 9,000. Chombo kikikaa ndani ya sanduku, au kikitumiwa siku mbili kikaachwa, madai yake yaweza kukataliwa. Na hata anayetimiza kila sharti ana ukomo: kampuni moja haikupata zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka mmoja wa hesabu ya Serikali, unaoanza tarehe 1 Aprili. Muuzaji naye amekatazwa kumvutia mnunuzi kwa zawadi au kwa kumrudishia fedha chini ya meza, na wapo wauzaji waliosimamishwa kwa kuvunja masharti.

Ukali wote huu una historia. Katika bajeti ya mwaka 2010 Singapore ilitangaza mpango mwingine, uliojulikana kwa herufi tatu PIC, wa kuwapunguzia kodi wafanya biashara wanaonunua kompyuta na mashine, wanaowafundisha watumishi wao, na mambo mengine ya jinsi hiyo. Kila dola moja iliyotumika iliweza kuhesabiwa kama dola nne katika kupunguza kodi. Kwa wadogo wasio na kodi kubwa ya kupunguziwa, Serikali ilikubali kutoa fedha taslimu: kwa miaka kadha ilikuwa 60 kwa mia ya gharama, juu ya gharama zisizozidi dola 100,000 kwa mwaka. Ndiyo kusema, mtu mwenye duka dogo aliweza kupata dola 60,000 kwa mwaka, taslimu. Sharti kubwa lilikuwa awe na wafanyakazi watatu wenyeji wanaolipiwa akiba ya uzeeni.

Msomaji aliyewahi kukaa karibu na sanduku la fedha za umma amekwisha kukisia yaliyofuata. Watu walianza kuandika majina ya wafanyakazi ambao hawakufanya kazi hata siku moja: shangazi, mpwa, rafiki wa jirani, wakawalipia ile akiba kwa mwezi mmoja mmoja ili hesabu itimie watatu. Ankara za kompyuta ziliongezwa tarakimu. Mashine zilinunuliwa leo zikarudishwa kesho. Tena walitokea watu waliojiita washauri, wakipita duka kwa duka wakisema, "Wewe tia sahihi tu, mengine niachie mimi, tutagawana." Idara ya kodi iliwafuata wengi mahakamani, na waliotiwa hatiani walitozwa adhabu iliyoweza kufika mara nne ya walichochukua. Wenye maduka wengi walijitetea kwamba mshauri ndiye aliyejaza karatasi. Haikuwafaa, kwa sababu sahihi ilikuwa yao.

Tarehe 1 Agosti 2016 malipo ya taslimu yaliteremshwa kutoka 60 kuwa 40 kwa mia, na baada ya mwaka wa kodi 2018 mpango wote ukakoma. Mwaka 2023 ulipotangazwa mpango mpya wa kupunguza kodi kwa ajili ya uvumbuzi, ile hesabu ya dola moja kuwa nne ilirudi, lakini tazameni jinsi malipo ya taslimu yalivyopunguzwa na masharti yake yalivyobadilika. Taslimu sasa ni 20 kwa mia tu, isiyozidi dola 20,000 kwa mwaka. Wafanyakazi ni wale wale watatu, ila sasa kila mmoja awe wa kazi ya siku zote, mshahara wake wa mwezi usipungue dola 1,400, na awe amekaa kazini miezi sita au zaidi. Shangazi wa mwezi mmoja hapiti tena.

Hayo ni masharti ya nani apewe. Yako na masharti ya namna ya kukitumia chombo, nayo kwa wakulima wa karafuu twaona ndiyo mazito zaidi, ingawa watu huyapita haraka kwa kuwa hayana tarakimu za fedha.

Mwezi wa Januari 2019 Singapore ilitoa mwongozo wa jinsi biashara itakavyosimamia akili mnemba, na mwaka mmoja baadaye ikatoa chapa ya pili. Mwongozo huo si sheria. Ni wa hiari. Kiini chake ni maneno mawili: hukumu inayotolewa kwa msaada wa mashine iweze kuelezwa, iwe wazi na ya haki; na mashine iwekwe kwa maslahi ya mtu. Maneno kama haya ni rahisi kuyaandika. Lililotupendeza sisi ni kwamba mwongozo unashuka mpaka katika swali la kazi: mtu asimame wapi?

Unasema kwamba kuna namna tatu. Namna ya kwanza, mashine hushauri na mtu huamua. Namna ya pili, mashine huendelea na kazi, na mtu husimama juu yake akiangalia, tayari kuizuia au kuirekebisha. Namna ya tatu, mashine huamua peke yake, mtu hayumo. Ili kujua ipi yafaa, mwenye biashara hupima mambo mawili: madhara yakitokea yatakuwa makubwa kiasi gani, na yaelekea kutokea mara ngapi. Duka likikupendekezea kitabu usichokipenda, hakuna aliyekufa. Mashine na iamue. Lakini pale ambapo riziki ya mtu imo mizanini, mtu naye lazima awepo.

Tuilete mizani hiyo nyumbani. Mwanachama amechuma, mkewe na wanawe wamechambua makonyo usiku kucha, amezianika siku zote hizo huku jicho moja liko juu ya jamvi na jingine mbinguni kwa khofu ya mvua. Amefika kituoni na magunia matatu. Mashine inatazama, inasema daraja la tatu. Kwa nini? Mkaguzi wa zamani, hata mkali wao kabisa, hukushika mkono akakuonyesha: hapa pana mpeta, hapa pana makonyo, hapa karafuu haijakauka, vunja usikie. Unaweza kugombana naye. Unaweza kumwita mkubwa wake. Mashine itakuonyesha nini? Mwongozo wa Singapore unataka biashara imweleze mteja kwamba akili mnemba imetumika, na unashauri iwepo njia ya mtu aliyeguswa na hukumu kuomba itazamwe upya. Katika karatasi ya wakala wetu hakuna mahali hata pamoja panaposema karafuu iliyokataliwa na mashine itatazamwa na nani.

Tena kuna ile khabari ya mifano tuliyoahidi kuirudia. Mwongozo unamtaka mwenye biashara ajue asili ya mambo aliyofundishiwa mashine: yametoka wapi, yamekusanywa na nani, yamebadilishwa njiani au hayakubadilishwa, na kama yanafanana na kazi itakayofanywa. Karafuu hulimwa kwetu, hulimwa Madagascar, hulimwa Indonesia kwa wingi kupita sote, na hazifanani rangi wala unene kwa kila pahala. Mashine iliyofundishwa kwa picha za karafuu za nchi nyingine, zilizokaushwa kwa njia nyingine na kupigwa picha chini ya taa za ghala, itasema nini ikiwekwa mbele ya karafuu ya Pemba iliyoanikwa juani? Labda itasema kweli. Labda itaziita mbaya kwa sababu tu ni ngeni machoni pake. Asiyejua ilifundishwa na nini hawezi kukisia, na aliyeuza bila kujua amejiuzia bahati nasibu.

Kwa wanaotaka kupima, Singapore ilitoa mwaka 2022 chombo cha kujaribia mashine za namna hii, kiitwacho AI Verify, na mwezi wa Juni 2023 kikaachwa wazi kwa kila mtu kukitumia, na taasisi ya kukitunza ikaundwa. Waliokitengeneza wamesema wenyewe kwamba hakidhamini kuwa mashine iliyojaribiwa haina hatari wala upendeleo. Twalitaja hili kwa sababu wakala mmoja aliwaambia wanachama wa tawi moja kwamba mashine yake "imethibitishwa." Aulizwe imethibitishwa na nani, kwa jambo lipi, na karatasi iko wapi.

Mwongozo ni wa hiari, lakini nyuma yake iko sheria isiyo ya hiari. Singapore ina sheria ya mwaka 2012 ya kulinda khabari za watu: majina, nambari, mahali wanapokaa, na kadhalika. Tangu Oktoba 2022 kampuni kubwa ikivunja sheria hiyo yaweza kutozwa faini hadi 10 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka nchini humo, na zile ambazo mauzo yake hayazidi dola milioni 10 hutozwa hadi dola milioni moja. Basi mwenye duka aliyenunua programu kwa ruzuku ya Serikali, akaijaza majina ya wateja wake bila haki, hatasalimika kwa kusema kwamba Serikali ndiyo iliyolipa nusu. Nasi tukumbuke kwamba daftari la Chama lina majina ya wanachama, idadi ya mikarafuu yao, na madeni ya baadhi yao. Wakala ameomba "nakala ya daftari ili mashine ijifunze." Hatukumpa.

Mtu asije akadhani kwamba Singapore peke yake ndiyo yenye hekima, au kwamba ruzuku kila pahala hufaulu. Kanada ilianzisha mwaka 2022 mpango mkubwa uliotengewa dola zake bilioni 4 kwa miaka minne. Biashara yenye mfanyakazi mmoja hadi 499, na mauzo yasiyopungua dola 500,000 kwa mwaka, iliweza kupata hadi dola 15,000. Lakini fedha hizo zilikuwa za kumlipa mshauri aandike mpango wa kutumia vyombo vipya, na vyombo vyenyewe mtu alivitafutia mkopo usio na riba. Mlango wa maombi ulifungwa mwezi wa Februari 2024, kabla ya miaka minne kwisha. Twaona wenyewe kwamba mtu mwenye duka akipewa karatasi ya mpango na deni, na mshauri akipewa hundi, si vigumu kujua nani aliyefurahi kwanza.

Baada ya kuyasoma haya yote Halmashauri imemwandikia wakala barua. Tumemwuliza ruzuku anayoisema ni ya Serikali ipi, jina lake nini, na sharti lake juu ya arubuni ni lipi. Tumemwuliza mashine yake ilifundishwa kwa karafuu za wapi, na kama imepata kujaribiwa hata mara moja kwa karafuu za visiwa hivi, zikiwemo za mpeta. Tumemwuliza mwanachama asiyeridhika na daraja aliyopewa atamwendea nani, mtu mwenye jina na mahali. Na tumempa jambo moja la kufanya: alete mashine kwa siku tatu wakati wa msimu, bila malipo, iwekwe kituoni kando ya mkaguzi wetu wa zamani, magunia yaleyale yatazamwe na wote wawili, na kila wanapotofautiana iandikwe katika daftari na wanachama waone.

Majibu yakifika yatasomwa mbele ya Mkutano Mkuu neno kwa neno. Makatibu wa matawi wameombwa kuwauliza wanachama kama yuko aliyekwisha kulipa cho chote kwa mawakala hawa, na kama yuko, alete risiti yake afisini mapema, awe amelipa kikubwa au kidogo. Hadi siku gazeti hili linapelekwa kupigwa chapa, barua yetu ina wiki tano na jibu halijafika.